Giza la Ukumbini: Taa za Hadhira katika Historia ya Drama ya Nyeri na Miji ya Mlima Kenya

1.0 Utangulizi

Uhakiki wa tamthilia katika Afrika Mashariki umeshughulikia kwa mapana dhamira, wahusika na lugha na, kwa kiasi fulani, matumizi ya jukwaa. Sehemu ya jengo ambayo haijapewa uzito unaostahili ni ile wanamoketi watazamaji. Hasa zaidi, ni nadra kwa mhakiki kuuliza ni nani anayeamua kama watazamaji hao watakaa katika mwanga au katika giza. Swali hili laweza kuonekana kuwa la mafundi wa umeme tu. Makala haya yanadai kwamba ni swali la fasihi na la historia, kwa kuwa hali ya mwanga ukumbini ndiyo inayoamua kama hadhira itakuwa mshiriki au shahidi aliyefichwa.

Kabla ya kuendelea, inafaa tutofautishe istilahi mbili. Taa za jukwaani ni zile zinazommulika mtendaji. Taa za ukumbini ni zile zinazoangaza viti, vijia na milango. Katika majengo mengi taa za ukumbini ni sehemu ya umeme wa kawaida wa nyumba, na swichi zake zipo ukutani karibu na mlango, ambapo yeyote anaweza kuzifikia. Katika kumbi zilizojengwa mahsusi kwa drama, taa hizo huunganishwa na mtambo uleule unaoendesha taa za jukwaani, ili mtu mmoja, akiwa ameketi mbele ya meza moja, azififishe na kuziwasha kwa kadiri ya mchezo. Tofauti baina ya swichi ya mlangoni na meza ya fundi ndiyo kiini cha mjadala wetu.

Tutachunguza suala hili kwa kurejelea Nyeri na miji inayouzunguka Mlima Kenya. Eneo hili lina historia ndefu ya utendaji na ya udhibiti wa utendaji, na mambo hayo mawili hayawezi kutenganishwa. Pale inapobidi tutatoka nje ya eneo hili na kwenda Nairobi na Limuru, kwa kuwa matukio mengine yanayohusu Nyeri yalitendeka huko.

2.0 Asili ya Giza la Ukumbini

Wanafunzi wengi wa drama huchukulia kwamba kuzimwa kwa taa kabla ya mchezo ni kanuni ya sanaa yenyewe. Historia haithibitishi hivyo. Wagiriki wa kale waliigiza mchana, na watazamaji wa michezo ya Shakespeare katika Globe walisimama chini ya anga wazi. Hata drama ya Ulaya ilipohamia ndani ya majengo, mishumaa iliendelea kuwaka juu ya vichwa vya hadhira muda wote wa mchezo, kwani hapakuwa na njia nyepesi ya kuizima na kuiwasha tena. Matajiri, kwa upande wao, walikwenda kuonekana kama walivyokwenda kuona.

Badiliko lilianza na gesi. Mwaka 1817 kumbi za Drury Lane na Covent Garden mjini London zilianza kutumia mwanga wa gesi. Baadaye mabomba yote yalikusanywa mahali pamoja penye valvu nyingi, na kwa mara ya kwanza mtu mmoja aliweza kupunguza mwanga wa jukwaa na wa ukumbi akiwa amesimama mahali pamoja. Mwaka 1876 Richard Wagner alipofungua jumba lake la opera huko Bayreuth, ukumbi ulitiwa giza lililowashangaza watazamaji. Henry Irving, aliyeanza kuuongoza ukumbi wa Lyceum mjini London mwaka 1878, naye aliifanya hadhira yake izoee giza. Mwaka 1881 ukumbi wa Savoy uliwashwa kwa taa za umeme zipatazo 1,200, na tangu hapo giza likawa sehemu ya adabu ya kutazama.

Methali ya Kiswahili yasema kuwa mwenye macho haambiwi tazama. Ukumbi wenye giza hufanya kinyume cha methali hii. Humwambia mwenye macho atazame wapi, kwa muda gani, na pia humnyima uwezo wa kumtazama jirani yake. Ndiyo maana Bertolt Brecht, aliyetaka hadhira inayofikiri na kuhoji, alipendelea jukwaa lenye mwanga mweupe mkali na taa zisizofichwa.

Pamoja na hayo, giza lilileta hatari ya mwili. Tarehe 30 Desemba 1903 moto ulizuka katika ukumbi wa Iroquois mjini Chicago, taa zikazimika, na watu 602 wakafa, wengi wao wakiwa wanaitafuta milango. Kutokana na maafa ya aina hii pakazuka kanuni ambayo ingali msingi wa ujenzi wa kumbi: taa za dharura na za milango ya kutokea zisitegemee meza ya fundi wa jukwaa. Yaani, mchezo waweza kumiliki macho ya mtazamaji lakini usimiliki njia yake ya kutoka. Tutairejea kanuni hii baadaye.

3.0 Moto, Jua na Gunia

Katika jamii za Mlima Kenya, utendaji wa kimapokeo haukujua mgawanyo wa taa za jukwaani na taa za ukumbini. Ngano zilisimuliwa jioni kando ya moto wa jikoni. Moto ule ulimwangaza msimulizi na msikilizaji kwa kipimo kimoja. Msikilizaji aliitikia, akaimba kiitikio, akakatiza, na uso wake ulimwonyesha msimulizi kama hadithi imekolea au imechuja. Ngoma nazo zilichezwa uwanjani ambapo aliyetazama sasa angeweza kuingia mchezoni baadaye. Mwanga ulikuwa wa wote, na hapakuwa na mtu mwenye haki ya kuuzima.

Jengo la drama lililokuja na ukoloni lilileta mpangilio mwingine. Ukumbi wa Taifa wa Drama jijini Nairobi ulifunguliwa tarehe 6 Novemba 1952, siku 17 tu baada ya serikali ya kikoloni kutangaza hali ya hatari tarehe 20 Oktoba. Wakati walowezi wa Nairobi walipokuwa wakijifunza kukaa kimya gizani mbele ya jukwaa lenye mwanga, wakazi wa Nyeri walikuwa wakiingia katika utaratibu wao wa mwanga na giza. Kafyu iliamua ni saa ngapi mtu aweze kuonekana nje. Kisha palikuwa na gakunia, yaani yule mtoa habari aliyefunikwa gunia lenye matundu mawili ya macho. Wanakijiji walipangwa mstari mchana kweupe, naye akatikisa kichwa au akainamisha.

Ukiuchambua utaratibu huu kama tukio la utendaji, utaona kwamba una muundo uleule wa ukumbi wa giza. Mwenye kutazama amefichwa. Wenye kutazamwa wamemulikwa. Na wanaotazamwa hawawezi kurudisha jicho. Tofauti ni kwamba katika ukumbi wa Wagner mtazamaji alilipa tiketi ili afichwe, na katika kijiji cha Nyeri mtazamwaji alilazimishwa kumulikwa. Hatudai kwamba jambo moja lilizaa jingine. Tunachodai ni kwamba hadhira iliyotokana na jamii iliyopitia gakunia haiwezi kudhaniwa kuwa italipokea giza la ukumbini kama jambo lisilo na maana.

4.0 Mahakama ya Nyeri Jukwaani

Dedan Kimathi alikamatwa katika wilaya ya Nyeri tarehe 21 Oktoba 1956, akiwa amejeruhiwa kwa risasi. Kesi yake ilisikilizwa mjini Nyeri mwezi Novemba mbele ya Jaji Mkuu Kenneth O'Connor, naye akahukumiwa kifo na kunyongwa tarehe 18 Februari 1957. Miaka 20 baada ya kesi hiyo, Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Gĩthae Mũgo, huyu wa pili akiwa mzaliwa wa Kirinyaga, walichapisha The Trial of Dedan Kimathi (1976), tamthilia ambayo wasomaji wa Kiswahili wanaifahamu kama Mzalendo Kimathi.

Kwa mhakiki wa mwanga, tamthilia hii ina mambo mawili makuu. Kwanza, waandishi hawakuigawa katika maonyesho ya kawaida bali katika miendo mitatu inayotiririka, na maelekezo yao ya jukwaani yanategemea giza na mwanga ili kuhama kutoka mahakamani hadi seli, mtaani na msituni. Tamthilia hii basi iliandikwa kwa ajili ya ukumbi wenye mtambo wa taa. Pili, chumba cha mahakama chenyewe kina hadhira ndani yake: Waafrika waliobanana upande mmoja, Wazungu upande mwingine. Mtazamaji aliye ukumbini anaona taswira yake mwenyewe ikiwa imemulikwa jukwaani. Giza la ukumbini linamficha, lakini tamthilia inamfichua.

Historia ya uigizaji wake inathibitisha mvutano huu. Tamthilia iliigizwa katika Ukumbi wa Taifa mwezi Oktoba 1976 chini ya uongozi wa Seth Adagala, na ilibidi kupiganiwa siku chache baina ya maonyesho ya kigeni, pamoja na Betrayal in the City ya Francis Imbuga. Ngũgĩ ameeleza katika maandishi yake kwamba usiku wa kwanza watazamaji waliungana na waigizaji katika wimbo wa mwisho, wakapita vijiani, wakatoka hadi barabarani kuelekea hoteli ya Norfolk, ambako polisi waliwazuia. Tukio hili limejadiliwa kama suala la nafasi. Sisi tungependa liongezewe mwanga. Hadhira iliyofuatana na waigizaji hadi nje ilikuwa imekataa mpaka uliowekwa na taa. Aliyekuwa gizani aliingia katika mwanga wa jukwaa, akaubeba na kutoka nao. Polisi waliosimama njiani walikuwa wakitetea, miongoni mwa mambo mengine, mgawanyo baina ya anayetazama na anayetenda.

5.0 Jua la Kamĩrĩĩthũ na Taa za Baa

Mwaka uliofuata, tatizo hili lilipata jibu la ki-usanifu huko Limuru. Ukumbi wa Kamĩrĩĩthũ ulijengwa na wanakijiji wenyewe, ukiwa wazi juu, wenye nafasi ya watu zaidi ya 2,000. Ngaahika Ndeenda, iliyoandikwa na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ na kuelekezwa na Kĩmani Gecaũ, ilianza kuonyeshwa tarehe 2 Oktoba 1977. Jua halina swichi. Mfanyakazi wa kiwanda na mkulima wa kibarua waliona nyuso za wenzao zikicheka na kukunjamana walipokuwa wakitazama maisha yao. Makubaliano ya hadhira yakawa jambo la kuonekana kwa macho, na pengine hilo ndilo lililowatia hofu wenye mamlaka kuliko neno lolote lililotamkwa jukwaani. Tarehe 16 Novemba 1977 kibali kilifutwa. Mwandishi aliwekwa kizuizini mwishoni mwa mwaka huo, na mwezi Machi 1982 ukumbi wenyewe ukabomolewa.

Hapa panadhihirika jambo la msingi. Pale ambapo hapakuwa na meza ya taa, dola ilitumia kibali kama swichi kuu. Kwa miaka mingi, hadi marekebisho ya sheria ya mwaka 1997, watu wa miji ya Mlima Kenya, kama Wakenya wengine, walihitaji ruhusa ya ofisi ya wilaya ili kukusanyika. Aliyekuwa na mamlaka ya kuruhusu mkusanyiko alikuwa na mamlaka ya kuuzima.

Katika miaka ya 1990 Wahome Mutahi, mzaliwa wa Nyeri aliyejulikana zaidi kwa safu yake ya Whispers, aliigiza pamoja na kundi lake tamthilia za kejeli kwa Kigĩkũyũ, kama vile Mũgaathe Mũbogothi, ndani ya baa na hoteli. Uteuzi wa baa umeelezwa kwa sababu za kiuchumi na za kisiasa: gharama za kumbi rasmi, na uangalizi wake. Sababu ya tatu ni ya kimuundo. Taa za baa haziwezi kuzimwa, kwa kuwa mhudumu lazima aone chupa na mnywaji lazima aone chenji yake. Hadhira ya baa hukaa mezani, hujibu, hutania, huagiza. Mwigizaji anayemkejeli mtukufu mbele ya hadhira inayoonekana analindwa na kicheko chake, na wakati huohuo kila mmoja anajua jirani yake amecheka wapi. Kwa namna ya kejeli, ni moto wa jikoni umerudi, ukiwa katika vazi la balbu za baa. Hata hivyo, isisahauliwe kuwa katika mwanga huo mpelelezi naye aliweza kuona ni nani aliyecheka. Mwanga wa hadhira haukuwa usalama mtupu.

6.0 Bwalo la Shule

Kwa wakazi wengi wa Nyeri, Karatina, Embu, Chuka na Meru, drama haikukutana nao katika ukumbi wa drama wala katika baa, bali katika bwalo la shule. Mashindano ya drama ya shule na vyuo, yaliyoanza mwaka 1959, yalikuwa kwa muda mrefu yakifikia kilele chake katika Ukumbi wa Taifa, kabla ya kuanza kuzungushwa mikoani. Aidha, makundi ya waigizaji huzunguka shuleni yakiigiza vitabu teule. Miongoni mwa vitabu vilivyowahi kutahiniwa ni Kifo Kisimani (2001) ya Kithaka wa Mberia, mzaliwa wa Tharaka, kusini mashariki mwa mlima.

Bwalo lina madirisha mapana na taa za mrija darini. Taa ya mrija ya kawaida haififishwi hatua kwa hatua. Ama inawaka, ama imezimwa. Isitoshe, michezo mingi huchezwa mchana. Kwa hiyo agizo la mwandishi kwamba mwanga ufifie polepole haliwezi kutimizwa. Waelekezi wa shule wamebuni njia mbadala: waigizaji huganda kama sanamu mwishoni mwa onyesho, wimbo huziba mwanya wa kubadilisha mandhari, na msimulizi huwaambia watazamaji kwamba usiku umeingia. Usiku wa seli katika Kifo Kisimani huletwa kwa sauti na mwendo wa mwili, na kuuawa kwa Mwelusi hutendeka mbele ya nyuso mia kadhaa zinazoonekana.

Wahakiki wamezoea kuziita mbinu hizi upungufu wa vifaa. Mtazamo huo unahitaji kurekebishwa. Mbinu hizi zina ukoo na kazi ambazo watunzi wa Kiswahili walizibuni kwa kukusudia. Ebrahim Hussein katika Ngao ya Jadi na Jogoo Kijijini (1976) alimrudisha msimulizi mbele ya wasikilizaji wake, na Penina Muhando katika Lina Ubani (1984) aliifanya hadithi ya Bibi kuwa nguzo ya mchezo. Walichokitafuta watunzi hawa kwa nadharia, mwalimu wa drama wa Embu au Nyeri alikipata kwa kulazimika.

Hata hivyo, tusilitukuze bwalo kupita kiasi. Bwalo ni mali ya shule, na shule ina mkubwa wake. Mwezi Aprili 2025, katika mashindano ya kitaifa huko Nakuru, wanafunzi wa Butere waliokuwa waigize Echoes of War waliimba wimbo wa taifa na kuondoka jukwaani bila kuigiza, huku wananchi na wanahabari waliokuwa nje wakitawanywa kwa gesi ya kutoa machozi. Mahakama Kuu ilikuwa imeagiza waruhusiwe kuigiza. Palikuwa na jukwaa, palikuwa na waigizaji, na mwanga wa mchana ulikuwapo. Kilichoondolewa ni hadhira. Kati ya njia zote za kuuzima ukumbi, hii ndiyo kamili zaidi.

7.0 Meza Moja, Mkono Mmoja

Katika mwongo wa pili wa karne hii miji ya Mlima Kenya ilipata vyuo vikuu kamili: Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi mjini Nyeri mwaka 2012, cha Karatina mwaka 2013, na vingine huko Chuka, Meru, Embu na Kirinyaga. Pamoja na vyuo huja kumbi mpya, na pamoja na kumbi huja swali la kuziunganisha taa za ukumbini na mtambo wa jukwaa. Mhakiki anapaswa kuuelewa mtambo huo walau kwa muhtasari.

Tangu mwaka 1986 meza za taa duniani zimekuwa zikizungumza na taa kwa lugha ya pamoja iitwayo DMX512. Waya mmoja hubeba njia 512, na kila njia hubeba thamani kuanzia 0 hadi 255. Sifuri ni giza. Taa za ukumbini zikiunganishwa na waya huo, huwa ni njia miongoni mwa njia, sawa na taa inayommulika shujaa. Faida yake ni dhahiri: hadhira inaweza kufifishwa kwa sekunde kumi ilhali jukwaa linapambazuka, au kumulikwa ghafla katikati ya mchezo pale mhusika anapoigeukia. Mwelekezi wa Mzalendo Kimathi leo angeweza kuwasha taa za ukumbini hukumu inaposomwa, na kuwafanya watazamaji wajikute wameketi mahakamani Nyeri.

Lakini lugha hiyo haina njia ya kuthibitisha kwamba ujumbe umefika bila kosa, na kwa sababu hiyo haifai kukabidhiwa jambo ambalo maisha ya watu yanalitegemea. Ukumbi uliopangwa vizuri huwa na swichi ya pili, iliyo mlangoni au kwa msimamizi wa jukwaa, inayoipiku meza na kuwasha taa zote mara moja, pamoja na taa za dharura zenye betri zake. Katika miji ambayo umeme hupotea bila taarifa, jambo hili si la anasa. Vilevile, taa kubwa za gesi za viwanjani, ambazo hutumika pia katika kumbi za shughuli nyingi, zikizimwa zikiwa moto huhitaji dakika kadhaa kabla ya kuwaka tena. Kuzitumia kwa hadhira ni kuikabidhi kwa giza lisiloondoka kwa amri.

Kanuni iliyozaliwa na maafa ya Chicago yaweza sasa kusomwa kama kanuni ya uhakiki. Mamlaka ya msanii juu ya mwanga wa hadhira ni halali kadiri hadhira inavyobaki na swichi yake mlangoni. Mamlaka yasiyo na swichi ya pili, yawe ya fundi, ya mwelekezi au ya ofisi ya wilaya, huigeuza hadhira kuwa watu waliofungiwa.

8.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba giza la ukumbini lina tarehe, lina mahali lilikotoka na lina siasa yake. Katika Nyeri na miji ya Mlima Kenya drama imestawi zaidi mahali ambapo hadhira ilionekana: kando ya moto, chini ya jua, mezani pa baa na katika bwalo. Kumbi mpya hazina budi kuupokea mtambo mpya, lakini hazina sababu ya kuyapokea pamoja nao mazoea ya London ya mwaka 1881 kana kwamba ndiyo sanaa.

Kwa watafiti wanaokwenda nyanjani tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, kila maelezo ya utendaji yaeleze hali ya taa za ukumbini tangu mwanzo hadi mwisho, na ni nani aliyekuwa akizidhibiti. Pili, maelekezo ya mwanga yaliyomo katika matini yalinganishwe na kile kilichowezekana katika jengo husika, na tofauti baina yake ihesabiwe kuwa data. Tatu, walimu na waelekezi wa zamani wa mashindano ya shule wahojiwe kuhusu mbinu walizobuni mabwaloni, kwa maana elimu hiyo haijaandikwa na wenye nayo wanazidi kupungua. Ngũgĩ aliaga dunia mwezi Mei 2025, na Mĩcere mwaka 2023. Wapo bado waliokaa katika viti vya usiku ule wa Oktoba 1976, na ni wao wanaoweza kutuambia kama taa za ukumbini zilikuwa zimewashwa walipoinuka kuimba.